Vidonge Sita Katika Kopo Moja

Papa Kasereka,

Kinu chako kinanuka kitunguu saumu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonifanya nishike kalamu, na kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kusema uongo, na uongo nimeshausema wa kutosha mbele yako.

Ni kile kinu kidogo cheupe cha kauri cha kusagia vidonge vya wagonjwa, ulichokuja nacho kutoka Butembo kimefungwa ndani ya sweta, ukaandika jina lako chini yake kwa rangi ya kucha ya mke wako. Ulipostaafu ulinikabidhi mimi. Nilikikuta wiki tatu zilizopita katika chumba cha wauguzi, juu ya meza, karibu na sufuria ya maharage. Ndani mlikuwa na saumu iliyopondwa, pilipili na chumvi, na kwenye ukingo mabaki meupe ya vidonge ambayo hakuna aliyejali kuyaosha. Kuna mtu amekula dawa ya kifafa pamoja na maharage yake, Papa. Au kuna mgonjwa amepitishiwa pilipili kwa mrija wa puani. Sijui lipi lilitangulia. Nilitoka nje nikatapika kando ya pipa la maji.

Nilirudi nikiwa nimejiandaa kuwagombeza wote. Mama Sifa, mkubwa wetu wa zamu, alikuwa anachovya kiazi. Akaniangalia, akacheka. "Janvier, si tunakioshaka? Juu ya nini unakunja sura?" Sikumgombeza. Maana kabla ya saumu ya Mama Sifa kinu kile kilikuwa kimeshachafuliwa, na aliyekichafua ni mimi, mbele ya macho yako. Kwa miezi mitano tulikuwa wawili tu tuliojua, na wewe uko kaburini, chini ya mawe ya Munigi.

Ngoja nikumbuke kwanza. Niruhusu.

Nilipokuja kwako nilikuwa mwanafunzi kutoka Rutshuru mwenye koti jeupe lililonizidi mabega. Ulinipa jina siku ile ile: Mutu ya Maziwa, eti kwa sababu sisi wa kwetu hatuwezi kufikiri kabla ya kunywa maziwa. Nilikuwa naogopa kumgusa mgonjwa mwenye sonde. Watu wa nje hudhani damu ndiyo inayotia kinyaa. Hawajaona ule mrija unaopita puani mpaka tumboni, wala yale maji ya kijani yenye harufu ya uji uliochacha yanayorudi unapovuta kwa bomba la sindano. Niligeuza uso. Ukanishika kidevu, ukakirudisha pale pale.

"Angalia," ukasema. "Ile njo inakuambia kama uko ku tumbo ao uko ku mapafu. Ukikataa kuangalia, kesho utaua mutu."

Ukanifundisha kazi ambayo kitabu cha shule kiliipa mistari miwili. Kichwa cha kitanda kiinuliwe. Maji kwanza. Kidonge kimoja kisagwe mpaka kiwe unga usiokwaruza ukiushika, kitiwe maji, kipite. Maji tena, kidogo, kusafisha njia. Halafu kidonge cha pili. Na vile vidonge vilivyotengenezwa viyeyuke polepole mchana kutwa, hivyo visiguswe na kinu kabisa, maana ukivisaga dawa ya siku nzima inamwangukia mgonjwa kwa mara moja. Atafutwe daktari aandike kingine. Wenzako walikucheka kwamba mgonjwa mmoja anakumalizia asubuhi. Ulikuwa unainua kidole cha shahada, kile chenye kucha iliyopasuka, unasema maneno yako yale yale, kana kwamba dawa ni majani ya muhogo ya kutwangwa pamoja: "Moja moja, bwana. Hapa hatupike sombe."

Garde-malade walikuogopa. Hospitali zetu unazijua, mgonjwa haji peke yake. Anakuja na dada yake au binti yake wa kumlinda, anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda, anayefua, anayepika uji nje kwenye makaa na kuupitisha kwenye sonde mwenyewe akishaonyeshwa. Uji uliwaachia. Dawa hapana. Kuna mama mmoja ulimkuta ametumbukiza vidonge vya mume wake ndani ya uji ili vyote viende pamoja. Ulimwaga uji wote nje, watu wanaangalia, yule mama analia. Baadaye nikakuona unapita kwa jirani kumwombea unga wa kupika mwingine. Hukutaka nikuone.

Halafu mji ukajaa. Watu waliokimbia vita walikuja na magodoro kutoka Masisi, kutoka kwetu Rutshuru, vitanda vikabanana mpaka tukawa tunapita upande upande. Wauguzi wanne wa zamu wakabaki wawili. Na maji yakakatika. Ziwa lote lile liko mbele yetu, na sisi tunamsubiri mtu wa chukudu asukume gari lake la mbao kutoka ufukweni Kituku na bidoni zake za maji, tuyatie klorini, tuyachemshe, tuyagawe kwa kikombe. Hapo ndipo salade ilipozaliwa. Sijui nani aliipa jina hilo. Vidonge vyote vya mgonjwa ndani ya kinu kimoja, mapigo kumi, kopo moja, maji mara moja, mgonjwa anayefuata. Salade ya saa nne, tulikuwa tunasema, na tunacheka. Wewe ulikuwa Munigi unapanda maharage katikati ya mawe, na mimi nilishukuru kimoyomoyo kwamba huoni.

Kisha ukaletwa wewe.

Kavira, binti yako, alikukuta umeanguka shambani, upande wa kulia umekufa, mdomo umevutika. Kiharusi. Ulimi haukurudi, kumeza hukuweza. Nilikuwekea sonde kwa mkono wangu, na ulinifuata kwa macho hatua kwa hatua, kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Siku sita za kwanza nilikupa dawa vile ulivyonifundisha, kwa kinu chako. Nilikuwa najivuna, nakiri. Nilisaga kwa madaha ili uone.

Siku ya saba mtu wa chukudu hakuja. Ndani ya pipa maji yalikuwa ya kufunika kiganja tu. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anatetemeka kifafa, na Mama Sifa yuko naye peke yake, ananiita. Kavira alikuwa amekaa pembeni yako na simu mkononi, anataka kuwatumia ndugu zenu wa Butembo picha waone unaendelea vizuri. Asubuhi ile alikuwa amekuletea kidonge kipya cha presha, kwa sababu kile cha kusagwa kilikuwa kimeisha katika duka la dawa. Nilisoma boksi. Kilikuwa cha kuyeyuka polepole. Nikachukua vidonge vyako sita, na hicho kikiwemo, nikavitumbukiza vyote ndani ya kinu chako.

Sikusahau, Papa. Nataka hilo liandikwe. Mtu aliyesahau anaweza kuonewa huruma.

Ulisikia. Kidonge kimoja kina mlio wake ndani ya kauri, sita vina mlio mwingine. Ni wewe uliyeniambia niwe nasikiliza. Ukafungua macho. Mkono wa kushoto, ule uliokuwa umebaki, ukapanda taratibu kutoka kwenye shuka, na kidole cha shahada kikasimama. Kile chenye kucha iliyopasuka.

Moja moja.

Nilikuelewa. Hakuna mtu duniani ambaye angekuelewa upesi kuliko mimi. Lakini nilikuwa nimeshaponda, na kopo lilikuwa limeshajaa ule uchafu wa kijivu wenye mabonge, na Kavira akauliza, "Papa anataka nini?" Nikamjibu bila hata kusimamisha mkono.

"Anaonyesha mbinguni. Anamushukuru Mungu."

"Amina, Papa! Amina!" Akaanza kulia kwa furaha, akainua simu, akapiga picha. Na mimi nikakupitishia salade yako puani. Ulifumba macho. Hukuyafumbua mpaka nilipoondoka.

Saa sita presha ilikuwa imeshuka mpaka daktari akapima mara tatu akidhani mashine imeharibika. Saa nane mrija ukaziba. Nilijaribu maji ya vuguvugu, nikajaribu soda, ule upuuzi uliokuwa unauchukia, mabonge hayakutikisika. Nikautoa. Kwenye ncha yake kulikuwa na tope la kijivu lililoganda, harufu yake chokaa na uji uliochacha, na mpaka leo nalinusa nikiwa nakula. Nikaweka mwingine. Pua yako ikatoka damu, ukakohoa mpaka machozi, na mkono wako haukuinuka tena. Siku ya tatu baada ya hapo kifua kilianza kukoroma. Siku ya tano Kavira alikufunga kidevu kwa kitambaa cha kitenge chake.

Daktari aliandika kiharusi. Labda ni kiharusi kweli. Labda ungeondoka hata ningekupa moja moja kwa maji yote ya Kituku. Hiyo labda nimeilamba kwa miezi mitano kama mtoto anayelamba sahani, na sasa inanitia kichefuchefu.

Nikuambie kilio chako kilivyokuwa, kwa sababu najua ungetaka kujua nani alikuja na nani alijifanya mgonjwa. Walikuja wengi. Vijana wa Munigi walivunja mawe kwa nyundo siku mbili kupata shimo. Kavira alichapisha fulana, kama inavyofanywa siku hizi, na picha ni ile. Wewe kitandani, macho wazi, kidole juu, na chini yake maandishi: PAPA ALITUONYESHA NJIA. Padri akahubiri juu ya kidole. Alisema wengine wanaaga wakilalamika, lakini Papa Kasereka ameaga akionyesha makao yake. Mkurugenzi wetu naye akasimama, akasema ulikuwa mfano wa kazi safi. Yeye, aliyepita wodini kila siku saa nne, akaona kopo moja kwa kila mgonjwa, asiulize kitu! Watu wakapiga makofi. Nilipiga na mimi.

Katikati ya makofi nikamwangalia mama aliyeketi kunielekea, na macho yakatua kwenye fulana yake. Ukingoni mwa picha, upande wa kushoto, kulikuwa na vidole na saa ya plastiki ya bluu. Saa yangu. Mkono wangu, umeshika kopo. Mchapaji hakuukata. Nikageuka, nikauona kwenye kifua cha padri mwingine aliyeketi pembeni, kwenye kifua cha mtoto wa jirani, kwenye kifua cha Kavira. Nikatazama chini, ulikuwa kwenye kifua changu pia. Munigi nzima ilikuwa imevaa mkono wangu na hakuna aliyeuona. Halafu wakaleta chakula, nikala maharage ya kilio chako, nikaongeza.

Ndiyo maana siku ile ya saumu sikumgombeza Mama Sifa. Nilikichukua kinu, nikakisugua kwa majivu, nikakichemsha, nikakisugua tena. Harufu haikutoka yote. Jumapili nikakitia ndani ya mfuko nikapanda nacho Munigi.

Kavira alikuwa anachagua maharage mlangoni, amevaa fulana yako, imeshapauka. Akanipa kiti, akaniuliza habari za watoto, akataka kunichemshia chai ya maziwa kwa sababu wewe ulimwambia mimi bila maziwa sifikiri. Nilimwambia akae. Nikamwambia yote, kuanzia boksi la dawa mpaka soda. Sikuweka labda yoyote. Alikuwa anaendelea kuchagua maharage, mabaya huku, mazuri kule, na vidole vyake havikukosea hata mara moja.

"Uliona kidole yake?" akauliza.

Nilikiona, nikamwambia.

"Na ulijua anasema nini?"

Nilijua.

Akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi nikasema amina." Akainama akatema mate chini, mara mbili, kama mtu aliyeng'ata kitu kibovu. Hakutema kwa sababu yangu tu, Papa. Alikuwa anatema lile neno. Nimekuwa muuguzi miaka kumi na minne, nimefuta matapishi na usaha na kila kinachotoka kwa binadamu, sijaona uchafu kama huo niliomtia mtoto wako mdomoni.

Niliposema nisamehe, alinikata. "Usiniombe ile kitu. Uende uambie bale banafunzi yako. Na uvae ile fulana."

Maana sasa ni mimi ninayefundisha, sijakuambia. Mkurugenzi alinipa nafasi yako ya kuwaonyesha wanafunzi kazi ya sonde, eti kwa kuwa nilikuwa mtu wako. Nilikuwa nawafundisha vizuri kwa mdomo, asubuhi, halafu saa nne ikifika wananiona napiga salade. Walikuwa hawaulizi. Walidhani ndivyo utu uzima wa kazi ulivyo, kusema hivi na kufanya vile.

Jumanne ya wiki hii niliwaambia waje mapema, kila mmoja na bidoni. Tulishuka Kituku sote kabla wanawake wa samaki hawajapanga meza zao, tukachota, tukapandisha kwa mabega. Mmoja alilalamika kwamba hakuja shule kubeba maji. Maji yalipochemka na kupoa niliwapanga kwenye kitanda cha mama mmoja wa Bunagana, aliyekuwa akifanya biashara mpakani mpaka ugonjwa ulipomlaza. Huyo hatikisi mkono wala mguu, macho tu yanatembea. Nikafungua vifungo vya koti. Wakaiona fulana. Baadhi yao wanayo nyumbani.

Nikaweka kidole juu ya ile saa ya bluu. Nikawaambia, huu mkono ni wangu. Ndani ya hili kopo mna dawa sita. Huyu muzee hakuwa anaonyesha mbinguni, alikuwa ananiambia acha, na mimi nilimwelewa, na nilimpa. Nilisema na mengine, sikumbuki yote. Hakuna aliyecheka. Mwanafunzi mmoja wa kike alirudi nyuma hatua moja, akaniangalia kwa kinyaa cha wazi, kile nilichokuwa nacho mimi kwa yale maji ya kijani. Nilitamani kumshika kidevu nimwambie angalia, lakini alikuwa tayari anaangalia.

Mama Sifa alikuwa amesimama mlangoni. Aliondoka. Kesho yake nilikuta kwenye meza ya wauguzi kinu kipya cha mbao, na ndani yake saumu.

Mkurugenzi naye amesikia. Ameniita ofisini kwake Jumatatu ijayo. Inasemekana amesema nimechafua jina la hospitali, na huenda hiyo nafasi yako nikaipoteza, huenda na kazi. Sijui. Nikifukuzwa, kinu kitabaki kwa yule binti aliyerudi nyuma, nimeshamwonyesha jina lako lililo chini. Alilisoma kwa sauti.

Yule mama wa Bunagana alikuwa na dawa tano. Nilichukua karibu saa nzima. Kichwa cha kitanda juu, maji, kidonge kimoja, maji, kidonge kingine. Harufu ya saumu ilikuwa bado inatoka kidogo kwenye kauri, na nilimwomba radhi kwa hilo, naye alinifuata kwa macho. Mrija haukuziba. Ni jambo dogo tu, Papa, hakuna atakayelichapisha kwenye fulana.

Kavira hajanisamehe. Nilipita Alhamisi nikamwambia nimefanya alivyosema, akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Fulana yake ilikuwa kwenye kamba, ameifua, na ameishona upya ubavuni. Sikujua nielewe nini. Nimeona ni haki yake nisielewe.

Siwezi kukuambia upumzike, najua usingizi wako ulivyokuwa mwepesi ukisikia kinu. Kaa macho basi, Papa, sikiliza. Sitapika sombe tena ndani ya kauri yako. Ni moja moja, hata pipa likikauka, hata nikiwa peke yangu wodini, hata mgonjwa akiwa hana kidole cha kuinua.

Mutu wako ya Maziwa,
Janvier